Maneno Ishirini

Kila elimu ina hatari yake mlangoni. Asomaye kemia huonywa asionje asichokijua, na asomaye habari za umeme huonywa asishike waya mtupu. Somo nililolichagua mimi katika miaka yangu miwili ya mwisho ya shule halikuwa na chupa wala waya. Lilikuwa na watu tu, na kwa sababu hiyo nilidhani kuwa halina hatari. Somo lenyewe ni saikolojia, yaani elimu ichunguzayo nafsi ya mtu na mwenendo wake. Nataka kueleza jinsi nilivyolisoma, na jinsi nilivyomdhulumu kwalo mtu aliyenipenda sana, ili yeye atakayelisoma baada yangu aingie kwa adabu kuliko nilivyoingia mimi.

Kwetu ni Ruiru, katika nchi ya Kiambu. Zamani ardhi ya huko ilifunikwa na mibuni, na hata leo jina la mji wetu limo katika aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa na kituo cha utafiti wa kahawa cha hapo mwaka 1985. Katika ujana wake, nyanya yangu alichuma buni katika mashamba makubwa, akilipwa kwa debe. Yeye na marehemu babu waliweka akiba kidogo kidogo, wakanunua kiwanja, wakajenga vyumba kumi na viwili vya kupangisha. Barabara kuu ya kwenda Thika ilipokwisha kupanuliwa mwaka 2012, watu walizidi kumiminika Ruiru, na vyumba vile havikupata kukaa vitupu. Nyanya ndiye aliyekusanya kodi. Hakuwa na daftari. Alijua kichwani nani amelipa, nani bado, na nani ameomba subira kwa kuwa mtoto wake yu hospitali.

Tulimwita Cucu, kama nyanya wote wanavyoitwa kwetu. Nami, kwa kuwa nilipewa jina la babu kwa desturi ya Wakikuyu, yeye aliniita mume wake. Jirani walicheka kila waliposikia mwanamke mzee akimwambia mvulana aliyevaa sare ya shule, "Mume wangu, umechelewa leo."

Shule yangu ilikuwa Thika, mwendo wa kilomita ishirini hivi kutoka nyumbani, na kila asubuhi nilipanda matatu kupitia Juja. Ilikuwa shule ya watu binafsi iliyofuata mtihani wa Cambridge wa Uingereza. Nasema hivyo kwa sababu saikolojia ni somo adimu katika shule zetu za sekondari. Haikuwa miongoni mwa masomo ya mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, na Wakenya wengi hukutana nayo mara ya kwanza katika vyuo vya ualimu au vyuo vikuu. Basi nilipomwambia baba kwamba nitachukua hisabati, biolojia na saikolojia, hakufurahi. Yeye alitaka kemia mahali pa hiyo ya tatu.

"Ukimaliza utafanya nini?" aliniuliza. "Utafungua duka la kuuza akili?"

Cucu alikuwa ameketi karibu na meko. Akasema, "Mwache asome. Mtu akijua moyo wa mwenzake hatagombana naye." Baba hakupenda kushindana na mama yake, na shauri likaishia hapo. Kwa hiyo nilisoma somo lile kwa idhini ya Cucu, na jambo hilo lilinichoma baadaye.

Mwaka wa kwanza tulisoma chunguzi kumi na mbili mashuhuri, tatu katika kila fungu: habari za mwili na ubongo, habari za kufikiri na kukumbuka, habari za kujifunza, na habari za mtu kati ya watu. Sijapata kusoma kitabu cha shule kilichonishika kama kile. Tulisoma habari za Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliyetoa taarifa yake mwaka 1963. Wanaume 40 waliamriwa kumpiga mtu mwingine umeme kila akosapo jibu, na kuongeza nguvu kila mara. Umeme haukuwa wa kweli, lakini wao hawakujua. Watu 26 kati yao walitii mpaka mwisho wa mashine, volti 450, ijapokuwa wengi walitetemeka na kutoka jasho. Tulisoma pia uchunguzi wa Jackie Andrade wa mwaka 2010. Yeye aliwasikilizisha watu 40 maneno ya simu yaliyochosha, nusu yao wakipaka rangi ya kalamu katika vijumba vya karatasi. Wale waliopaka walikumbuka zaidi ya wenzao kwa asilimia 29. Wale miongoni mwetu waliokuwa wakigombezwa kwa kuchora pembezoni mwa madaftari walishangilia siku ile.

Juu ya hayo tulifundishwa maadili ya kumchunguza mtu. Apewe habari na atoe idhini. Awe na haki ya kujiondoa wakati wowote. Asidhuriwe mwili wala moyo. Siri yake ihifadhiwe. Niliyaandika haya kwa mwandiko mzuri, na katika jaribio la darasani nilipata alama zote. Kuyajua kwa kalamu ni jambo moja, na kuyajua kwa matendo ni jingine.

Elimu kidogo humlevya kijana upesi. Haukupita muda nikaanza kuwapima watu wote. Kondakta akipaza sauti, nilitambua sababu yake. Mama akisahau chumvi, nilikuwa na jina la kosa lake. Rafiki akinyamaza, nilimwambia anachokificha. Watu walichoka nami, lakini mimi nilidhani wanaogopa ukweli.

Likizo ya Aprili ilifika, na masika yakaanza. Siku zile baba alikuwa na wasiwasi kidogo juu ya Cucu. Aliulizwa jambo hili akajibu jingine. Aliitwa asiitike. Jioni moja, mvua ikinyesha juu ya mabati, nilimkuta akichambua maharagwe, nikaona nimepata nafasi ya kutumia elimu yangu. Nilikuwa na orodha ya maneno ishirini, niliyoyatoa katika kitabu cha Kiingereza na kuyageuza kwa Kiswahili.

"Cucu," nilimwambia, "nitakusomea maneno, kisha uyarudie yale unayoyakumbuka."

"Haya, mume wangu, nisomee," alijibu akicheka. Alidhani ni mchezo.

Nikaketi upande wake wa kushoto, uso wangu ukielekea karatasi, nikasoma neno moja kila baada ya nukta mbili kwa saa ya simu. Nilipomaliza, alirudia maneno manne. Kisha akaongeza mawili ambayo hayakuwamo katika orodha. Mimi nilisoma "sahani", yeye akasema "zamani". Mimi nilisoma "paka", yeye akasema "taka". Nilijua, kwa makala mashuhuri ya George Miller ya mwaka 1956, kwamba mtu huweza kushika vitu saba hivi kwa mara moja, vikizidi au kupungua kwa viwili. Cucu alikuwa chini ya kipimo hicho, na tena alibuni maneno. Niliandika hivyo katika daftari langu: "Amebuni maneno yasiyokuwamo."

Usiku ule, wakati wa chakula, nilimweleza baba kwamba kumbukumbu ya Cucu imeanza kuharibika, na kwamba nina ushahidi. Nilimwonyesha namba. Baba alitazama karatasi kwa muda mrefu. Namba zina heshima kubwa kwa watu, hata zikiandikwa na mtoto. Baada ya siku tatu alimwendea mama yake, akamwambia kwa upole, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika." Kazi ya kukusanya kodi akapewa baba yangu mdogo, pamoja na daftari jipya.

Cucu hakubisha. Mwezi ule alikuwa akiketi mlangoni, akivitazama vyumba vyake kumi na viwili kama mtu atazamaye shamba la jirani. Wapangaji walimpitia wakimwamkia, kisha wakaenda kulipa kwingine. Siku moja nilimsikia akimwuliza mama, "Ni kodi ya nani niliyoikosea?" Mama hakuwa na jibu, kwa maana hapakuwa na kodi hata moja iliyokosewa. Nilisikia swali lile, nami nikapita kana kwamba halikunihusu.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wetu alituagiza kila mmoja aandike habari za uchunguzi mdogo alioufanya, na aeleze kasoro zake. Niliandika habari za mwanamke mzee wa Ruiru bila kumtaja jina, na katika fungu la kasoro niliandika mistari miwili tu. Mwalimu alinirudishia karatasi bila alama. Chini yake alikuwa ameandika maswali manne kwa wino mwekundu:

"Je, alijua kwamba unampima, na kwamba utamwambia mtu majibu yake?

Je, lugha aliyolelewa nayo ni hiyo uliyomsomea?

Je, una hakika kwamba alikuwa akisikia?

Ikiwa kumbukumbu yake ni mbovu, ni kazi gani ya kila siku iliyomshinda?"

Niliyasoma maswali hayo katika matatu, kutoka Thika hadi Ruiru, na kila niliporudia kuyasoma, njia ilizidi kuwa ndefu. Swali la kwanza nililijua jibu lake tangu mwaka uliopita, nami nililipatia alama zote. La pili halikuhitaji kufikiriwa: Cucu aliota ndoto zake kwa Kikuyu. La nne alikuwa ameliuliza mwenyewe kwa kinywa chake, nami nikapita. Lililobaki ni la tatu. Hapo nilikumbuka mvua juu ya mabati, na "sahani" iliyogeuka kuwa "zamani".

Nilipofika nyumbani sikuchukua karatasi. Niliketi mbele ya Cucu, uso kwa uso, nikamwomba kwa Kikuyu anisimulie habari za vyumba vyake. Alianza chumba cha kwanza karibu na lango, akaenda mpaka cha mwisho karibu na tangi la maji. Alitaja kila mpangaji, mwaka alioingia, kazi yake, watoto wake, na siku ya mwezi anayolipa. Alitaja hata mpangaji mmoja aliyehama usiku miaka mingi iliyopita akiwa na deni la miezi miwili. Hakukosea. Kisha nikahamia upande wake wa kushoto, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Aliendelea kuchambua maharagwe yake. Nikamwita tena. Hakugeuka.

Usiku ule nilimweleza baba yote. Hakunigombeza, na ningependa kama angenigombeza. Wiki ile tulimpeleka Cucu katika Hospitali ya Thika Level 5. Mtabibu alimulika masikio yake, akaona yameziba kwa nta, la kushoto likiwa limezibwa kabisa na nta iliyokauka. Alipewa dawa ya matone ya kuilainisha kwa siku kadhaa, kisha tukarudi, akasafishwa kwa maji ya uvuguvugu. Sikio la kushoto lilibaki zito kidogo kwa sababu ya umri, lakini tofauti ilikuwa kubwa. Siku ile ile mvua ilinyesha. Cucu aliinua kichwa akayatazama mabati, akasema, "Kumbe mvua ya nyumba hii ina kelele namna hii!"

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia kuwa yale maneno ishirini hayakuwa mchezo, kwamba nilimpima bila kumwambia, na kwamba mimi ndiye niliyempelekea baba habari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ulinipima, lakini hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekwambia kwamba sikusikii vema." Hakuongeza neno.

Kazi yake alirudishiwa, na lile daftari jipya likawa la mdogo wangu kufanyia hesabu zake za shule. Lakini isidhaniwe kwamba kila kitu kilirudi kama kilivyokuwa. Kwa muda mrefu, nilipomwuliza jambo lolote, hata kama ni kumwuliza amekula nini mchana, Cucu alisita kwanza, akanitazama, akasema, "Hili nalo ni mtihani?" Wengine nyumbani walicheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimemfundisha mtu aliyeniamini kwamba maswali yangu yana mtego ndani yake.

Baadaye nililisoma somo lile kwa macho mengine, nikaona kwamba wakubwa wake walikwisha kuyajua haya. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani, aliyetoa kitabu chake juu ya kukumbuka na kusahau mwaka 1885, hakumpima nyanya wa mtu. Alijipima mwenyewe, kwa kujifunza orodha nyingi za silabi zisizo na maana, kisha kuangalia amesahau kiasi gani baada ya saa na siku. Nami nilimwiga, na faida yake inaweza kumfaa kila mwanafunzi: sehemu kubwa ya tunayosahau hututoka mapema, katika saa na siku za kwanza, kwa hiyo kurudia somo mara kadhaa kwa kuacha nafasi kati hushinda kulikariri usiku mmoja.

Hata karibu na kwetu mifano haikosekani. Mary Ainsworth alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955, akawatembelea akina mama na watoto wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala. Hakuanza na orodha. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akarudi tena na tena kwa miezi mingi, akiketi nao na kutazama jinsi mtoto anavyomfuata mama yake na jinsi anavyolia akiachwa. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967, na mengi yanayofundishwa ulimwenguni leo juu ya upendo wa mtoto na mlezi yana mizizi yake katika vyumba vile vya Uganda.

Uchunguzi ulionigusa kuliko yote ni ule uliofanywa miongoni mwa Wajaluo, karibu na Ziwa Viktoria, ukatangazwa mwaka 2001 na Robert Sternberg na wenzake. Waliwapima watoto 85, wenye umri wa miaka 12 hadi 15, ujuzi wao wa dawa za miti shamba ambazo watu wa huko hutumia kwa maradhi ya kila siku. Waliwapima pia kwa mitihani ya kawaida, ya maneno na mengineyo. Waliona kwamba waliojua sana dawa walielekea kupata alama za chini katika mtihani wa maneno. Mtu ambaye angewapima kwa maneno peke yake angewaita wajinga, na siku ya homa angewaomba dawa. Katika kazi iliyofuatana na hiyo, watafiti waliwauliza wenyeji maana ya mtu mwenye akili, wakapata kwamba Kijaluo hakitumii neno moja. Kuna rieko, ambayo ni maarifa. Kuna luoro, ambayo ni heshima. Kuna paro, ambayo ni kufikiri na kujianzishia jambo. Na kuna winjo, ambayo ni kuyaelewa mambo ya maisha yalivyo. Rafiki yangu Mjaluo aliniambia kwamba neno hilo la mwisho ndilo wanalotumia pia kwa kusikia.

Hapo nilielewa kosa langu vizuri zaidi. Cucu ndiye aliyekuwa na nta masikioni, lakini kati yetu wawili asiyesikia nilikuwa mimi. Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilibaki zima, na aliyeumia ni mkuu mwenyewe.

Nilimaliza mtihani wangu Thika, nikafaulu, na kama ningeulizwa leo ningelichagua somo lile tena. Sikubaliani na wanaosema kwamba halina faida, wala na wanaolidhani ni uganga wa kuona yaliyo vifuani mwa watu. Faida yake ni kubwa, hasa katika umri ule wa kijana anapoanza kujiuliza yeye ni nani na kwa nini wenzake hutenda watendavyo. Lakini alisomaye na akumbuke kwamba mtu si chupa ya maabara. Chupa ikivunjika hununuliwa nyingine. Mtu akipimwa kwa kipimo kibaya, hukaa mlangoni akijiuliza ni kodi ya nani aliyoikosea.

Basi, ewe mwanafunzi, utakapofungua kitabu cha elimu hii, jipime mwenyewe kwanza. Kisha, ukitaka kumjua mwingine, keti mbele yake mahali anapoweza kukuona na kukusikia, mweleze unachokitaka, umwulize kwa lugha yake, na ungoje jibu. Akikataa kujibu, mwamkie kwa heshima, uende zako.